Nembo ya Somoe

Nampanda alikuwa hodari wa tezo, na pale Chikunja hakuna aliyembishia hilo, hata wale waliombishia mengine yote. Wakisema ni mbishi, kweli alikuwa mbishi. Wakisema anapenda uraka, pombe yetu ya mabibo, kupita kiasi, nalo tusilikatae, maana msimu wa mabibo hata mbuzi wa kwetu hutembea upande. Lakini mpe gogo la mpingo asubuhi, mwache amekaa chini kibandani kwake, gogo amelibana kwa nyayo, tezo inakula ule mti mweupe wa nje mpaka weusi ujitokeze. Ukirudi alasiri utakuta kuna mtu ameanza kutoka humo ndani. Hakuchora kwanza. Alikata tu.

Kazi alifundishwa na mjomba wake, kama ilivyo kwetu, kwani mtoto wa Kimakonde ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye anayempa kijana ufundi pamoja na viboko vyake. Alipokuwa barobaro alikwenda Lindi kukata mkonge. Alirudi na koti moja na kikohozi, akaapa kwamba hatamlimia tena mtu kamba. Akaoa. Aliyemwoa ni Somoe, na habari hii ni ya Somoe zaidi kuliko ilivyo ya Nampanda, ingawa Somoe mwenyewe angekasirika sana kusikia inasimuliwa.

Siku hizo msichana haolewi kama hana nembo. Alilazwa chini, akachanjwa usoni kwa kisu kidogo, kisha jeraha likapakwa masizi ya mbarika, na lilipopona ile mistari ikabaki imetuna, rangi yake kati ya buluu na nyeusi. Palikuwa na ya kwenye paji, ya mashavuni, ya kidevuni. Kila uso ulikuwa na mpango wake. Mtu aliyekuwa mgeni wa kijiji aliweza kuambiwa, nenda kwa yule mwenye mishale miwili na mwezi, na akafika. Sharti lilikuwa kutotikisika. Uume meno, ufumbe mikono, ulie kwa ndani ukitaka, lakini kichwa kisiondoke.

Somoe alitikisika. Kisu kilikuwa kwenye shavu la kushoto, akarusha kichwa, mstari ukakatika na kuacha pengo, halafu ukaendelea mbele umepinda. Yule bibi mchanjaji alikasirika, akakataa kuurudia.

"Umelitaka mwenyewe," alimwambia. "Kaa nalo."

Wasichana wenzake hawakungoja hata damu ikauke. Walimtungia wimbo palepale: jogoo kamparua, Somoe jogoo kamparua. Ni wimbo wa kitoto, hauna hata maneno ya maana, lakini ulimganda. Tangu siku hiyo alijifunza kuivuta kanga ifunike upande wa kushoto. Alilima hivyo, alicheza ngoma hivyo, alishuka bondeni kuchota maji na kupanda nayo mlima hivyo, mkono mmoja kwenye mtungi na mmoja kwenye kanga. Binti yao, Esha, alipoachishwa ziwa alipelekwa kwa bibi yake kulelewa, kisha akaolewa Masasi, kwa hiyo yeye naye alimjua mama yake kwa upande mmoja.

Aliyeonyeshwa ni Nampanda peke yake. Siku walipoachwa wawili ndani ya nyumba mara ya kwanza, Somoe aliishusha kanga mwenyewe, akakaza macho ukutani, akangoja kuchekwa. Nampanda aliweka kidole kwenye pengo.

"Hapa ndipo ulipokataa," alisema. "Wenzako wote walikubali tu."

Somoe alimtazama kwa muda kuona kama ni dhihaka. Haikuwa dhihaka. Basi miaka yote iliyofuata, wakiwa wawili, mlango umefungwa, kanga ilikuwa mabegani tu, na kidole cha Nampanda kilikuwa na mahali pake. Mtu akiniuliza ndoa nzuri ni nini, nitamtajia hiyo.

Vinyago vilikuja kuwa biashara kubwa baadaye. Zamani Nampanda alichonga vinyago vya kuvaa ngomani, fimbo za wazee, visanduku vya ugoro. Halafu wakaanza kuja wanunuzi, na wanunuzi wakaleta Chama cha Wachongaji, na Chama kikaleta Katibu. Katibu aliitwa Chinguwile, kijana wa palepale aliyesoma Mtwara na kurudi na pikipiki. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka, basi. Mizigo ilikwenda kwa lori mpaka Dar es Salaam, kutoka hapo ikavuka bahari, na huko ng'ambo watu walitaka kitu kimoja: mama mwenye mtungi kichwani. Sisi tulishaacha mitungi zamani, tulikuwa tunabeba ndoo za plastiki, lakini hakuna mzungu aliyetaka mama mwenye ndoo ya plastiki. Wachongaji walichonga mitungi mpaka wakaiota.

Siku moja Katibu alifika kibandani pikipiki ikiwa inanguruma, hata hakuizima.

"Jamani, mteja ameagiza mzigo mkubwa," alisema. "Ila safari hii anataka kila kinyago kiwe na nembo."

"Nembo?" Nampanda aliuliza.

"Nembo. Moja, ileile, isibadilike. Mtu akiiona huko kwao ajue hii ni kazi ya Chikunja, siyo ya kwingine."

"Nembo ya nani?"

"Ya nani kivipi, mzee? Yetu."

"Nembo haiwi yetu, mwanangu. Nembo ina mwenyewe."

Wenzake wakacheka, wakajua mzee ameanza ubishi wake. Katibu akaangalia saa.

"Mzee wangu, lori linanisubiri. Wewe ndiye fundi, chagua wewe. Mimi nataka nembo tu." Akaondoka, vumbi likabaki kuwatia wachongaji kikohozi.

Katibu alikuwa na nembo yake ya shuleni, ile ya kwenye mifuko ya saruji na kofia za wafanyakazi wa serikali. Alitaka alama ndogo igongwe chini ya kitako cha kinyago. Nampanda alikuwa na nembo aliyozaliwa akaikuta, ya usoni. Kila mmoja aliridhika kwamba mwenzake ameelewa, na hakuna aliyeuliza mara ya pili.

Nampanda alifikiri siku nzima. Nembo ya mama yake hakutaka kuigusa, kwani mama alikuwa marehemu na marehemu haamshwi kwa ajili ya lori. Za wanawake wengine hakuwa na haki nazo. Iliyobaki ni moja, na hiyo aliijua kwa kidole kuliko kwa macho. Akaona hilo ni jambo zuri. Akaona ni heshima, uso wa mke wake uvuke bahari, watu wa mbali waupende. Alitaka amshangaze, kwa hiyo hakumwuliza. Alichonga cha kwanza taratibu, mistari yote, pengo dogo likiwa mahali pake, na wachongaji wenzake wakaiga kutoka kwake mpaka mzigo ukatimia. Kimoja alikichukua nyumbani chini ya kwapa, anatabasamu njia nzima, mjinga yule.

Somoe alikuwa uani anamenya muhogo.

"Mama Esha, njoo uone kitu."

Alijifuta mikono, akakipokea. "Kizuri. Nani huyu?"

"Tazama vizuri."

Alikigeuza. Kidole chake kilipita kwenye paji, kikashuka shavuni, kikasimama.

"Baba Esha. Hiki nini?"

"Si wewe huyo."

"Naona kuwa ni mimi. Nauliza nafanya nini hapa."

"Wametaka nembo, nikasema... nikaona niweke yako. Kwangu hakuna inayoishinda."

"Kiko hiki kimoja?"

Nampanda akaanza kukusanya maganda ya muhogo.

"Vingine viko wapi, Baba Esha?"

"Vimeondoka. Lori la jana."

"Na pengo?"

"Na pengo. Bila pengo si wewe."

Somoe alikilaza kile kinyago chini kifudifudi, polepole, kama anayelaza mtoto. Kisha akavuta kanga, akafunika shavu, hapohapo uani kwake, mbele ya mume wake.

"Nilikuonyesha wewe," alisema. "Wewe. Sikuonyesha lori."

Nampanda alidhani ni hasira ya siku mbili tatu. Wanawake hununa, wanaume huleta samaki, mambo huisha. Alileta samaki. Somoe aliwapika vizuri, akamwandalia ugali, akamuitikia kila alichosema. Hakumnyima neno wala kitoweo. Alimnyima kitu kimoja tu. Kanga haikushuka tena, mlango ukiwa wazi au umefungwa, na kitandani alilalia ubavu wa kushoto, shavu likiwa juu ya mkeka. Nampanda alikaa na hamu ya kuliona pengo lile kama mtu mwenye kiu, na aliona haya kumwambia yeyote, maana angeeleza nini?

Lori liliporudi, Katibu alikuja kibandani anacheka mpaka machozi.

"Mzee Nampanda! Mimi nimesema nembo, wewe umechonga chale za bibi! Nembo, mzee, muhuri! Mnagonga chini kwenye kitako!"

Wenzake wakaangua kicheko. Nampanda peke yake alisimama, na moyo wake ukaruka kwa furaha, kwani kama lilikuwa kosa basi lilikuwa na dawa.

"Basi tuifute," alisema. "Virudishe vyote. Nitavikwangua mwenyewe, kimoja kimoja, sitaki malipo."

"Uvikwangue? Mzee, wamevipenda kufa! Hasa hapa palipokatika. Wanasema hapo ndipo mtu anapojua hii ni kazi ya mkono, siyo ya mashine. Wanataka vingine. Ila wameomba pengo liwe kubwa kidogo, halafu lisogee katikati ya shavu, maana hapo lilipo kwenye picha halionekani."

"Mwambie hapana."

"Nimwambie hapana kwa kitu alichokipenda? Mzee wangu, kuna homa?"

Haukupita muda, kibao kikasimamishwa kwenye njia panda, karibu na kioski cha maji: jina la Chama, na juu yake uso mkubwa wa mwanamke, umepakwa rangi, una pengo shavuni kila apitaye alione. Wanawake walikuwa wamepanga ndoo zao siku Somoe alipofika na yake. Miongoni mwao alikuwepo Binti Nakachi, rika lake, waliyelazwa naye chini siku ileile ya kuchanjwa, mwanamke asiyeweza kuuacha utani hata msibani.

"Shoga!" alipaza sauti, amenyoosha kidole kwenye kibao. "Jogoo wako kapanda ndege!"

Walicheka wote, hata wale wadogo wasioujua wimbo, na kwa kuwa hawakuujua waliuliza, na Binti Nakachi akawaimbia. Hakuwa na nia mbaya. Kwake lilikuwa jambo la utotoni, limeshapoa. Somoe aliweka ndoo chini haijajaa, akarudi nyumbani. Kesho yake watoto walikuwa wanauimba njiani. Hakwenda tena kwenye maji.

Nampanda alivaa lile koti lake la enzi za mkonge, akaenda ofisini kwa Katibu, akakaa kwenye kiti bila kukaribishwa.

"Kishushe kile kibao."

"Mzee wangu, ile nembo imeshaandikishwa Dar. Siyo ya mtu tena, ni ya Chama."

"Ni ya mke wangu."

"Basi tutampa heshima yake. Siku ya mkutano mkuu tumwite mbele, tumtambulishe, watu wampigie makofi."

"Ukimwita mbele utamuua."

"Mzee, mbona unalikuza? Mwanamke gani hapendi kusifiwa?"

"Usiyemjua," alisema Nampanda. "Na sitachonga tena."

Katibu alihema. Kwa sauti ya chini, bila ukorofi, alimwambia lile ambalo Nampanda alikuwa analijua tangu alipotoka nyumbani: "Usipochonga wewe watachonga wenzako. Wanaijua sasa."

Na kweli waliijua. Vijana walikuwa wanaikata kwa tupa, haraka, huku wanasikiliza mpira redioni. Nampanda aligoma, akakaa kibandani anachonga visanduku vya ugoro ambavyo hakuna aliyevitaka, mpaka unga ulipokwisha ndani na mikorosho ikawa imepigwa na ugonjwa mwaka ule. Akarudi. Alichonga mama mwenye mtungi, na nembo, na pengo pana katikati ya shavu kama mteja alivyotaka. Alijiambia kwamba kwa kuwa wamelisogeza, si la Somoe tena. Alilifikiria sana jambo hili, likamfariji, mpaka akaona amwambie mwenyewe.

"Mama Esha, wamelihamisha. Liko kwingine kabisa, halifanani. Yule si wewe."

Somoe alikuwa anapepeta mtama. Aliendelea kupepeta.

"Kumbe," alisema. "Wamenichukua, halafu wakanikosoa."

Miaka ilikwenda hivyo. Nyumba iliezekwa bati. Esha alipata watoto huko Masasi, wakaletwa kusalimia, wakarudi. Kila jioni Nampanda aliketi mkekani na mkewe, wakala sahani moja, wakasema habari za mvua na za jirani, na mtu akipita angeona wazee wawili wanaopendana. Walipendana. Hilo ndilo linaloniuma mimi ninayesimulia: hakuna aliyeacha kumpenda mwenzake. Mkono wa kushoto wa Somoe ulikuwa kwenye kanga, na Nampanda alikuwa anautazama ule mkono, anangoja.

Kisha Somoe akaumwa kifua. Alikonda, akawa halali ila kwa kuegemezwa. Nampanda aliacha kazi, akawa yeye ndiye mpika uji, mchota maji, mfuaji, na wanaume wenzake walipomtania kuwa amekuwa mwali, aliwajibu kwamba wao wakafe na wake zao wachafu. Siku moja alipokuwa anamlisha, alishindwa kujizuia.

"Mama Esha, nionyeshe."

"Kaangalie barabarani," Somoe alisema. "Kubwa zaidi, na lina rangi."

Nampanda aliweka kijiko chini, akatoka nje, akalia nyuma ya nyumba kama mtoto aliyefukuzwa. Somoe alimsikia, maana ukuta wenyewe wa udongo. Siku ya pili yake, jua likiwa linaelekea magharibi, alimwita.

"Baba Esha, njoo."

Akaja.

"Jana ulilia."

"Sikulia."

"Ulilia, nilikusikia. Ulilia vibaya, mtu mzima hujui hata kulia." Alipumua kwa taabu, akapumzika. "Najua hukutaka kuniumiza. Nilijua tangu siku ile. Ila kujua hakukunisaidia. Sogea hapa. Sogea, usinitazame hivyo, utanifanya nibadili shauri."

Vidole vyake vilishika ukingo wa kanga. Nampanda alipiga magoti kando ya kitanda, hakuthubutu hata kupumua.

"Hodi! Hodi humu ndani!" Ilikuwa sauti ya Katibu, na nyuma yake sauti nyingine, za kigeni. "Mzee! Nimekuletea wageni wetu kutoka ng'ambo, wale wateja! Wanaomba kumwona mama wa nembo. Picha moja tu, mzee, hawakai!"

Kanga ikarudi. Somoe alijigeuza ukutani kwa nguvu ambazo hakuna aliyejua kama bado anazo.

Nampanda alitoka. Aliyowaambia wale watu sitayaandika, na nashukuru kwamba wageni wenyewe hawakujua Kimakonde. Katibu alijua, akarudi kinyumenyume mpaka kwenye pikipiki, uso umemsawijika, anasema samahani mzee, sikujua mama yuko katika hali hiyo. Nadhani kweli hakujua. Wageni waliacha zawadi ya sabuni na sukari juu ya jiwe, wakaenda zao wakiwa na huzuni yao.

Aliporudi ndani, Somoe alikuwa palepale, mgongo kwake.

"Wamekwenda," Nampanda alisema. "Wamekwenda, Mama Esha. Niko mimi tu."

"Wamenifuata mpaka kitandani."

"Wamekwenda."

"Sikulaumu," alisema Somoe. "Sikiliza, sikulaumu tena. Lakini sina cha kukuonyesha. Kimechakaa kwa kutazamwa."

Alifariki siku chache baadaye, asubuhi, Nampanda akiwa amekwenda kuwasha moto wa uji. Wanawake walikuja kuosha. Aliyeongoza ni Binti Nakachi, macho yamevimba, utani wote umemtoka. Walipomaliza kumvisha sanda, Nampanda alisimama mlangoni, akaomba kile anachoruhusiwa kila mume, amwone mkewe uso kabla hajatolewa.

Binti Nakachi akaziba mlango kwa mwili wake.

"Aliacha neno, shemeji. Alisema uso wake usifunuliwe."

"Hata kwangu?"

Yule mwanamke alifikiri. Hakutaka kusema uongo mbele ya maiti.

"Alisema usifunuliwe. Hakutaja mtu."

Basi hakuingia. Angeweza kumsukuma kando, alikuwa bado na mabega ya tezo, lakini alisimama pale kizingitini mpaka jeneza likapita mbele yake. Kama Somoe aliwakusudia wageni na picha zao, au alimkusudia yeye, hakupata kujua.

Esha alifika kesho yake, njia ya Masasi ilikuwa mbaya, akakuta mama yake ameshazikwa. Alikaa na baba yake mpaka matanga yalipoanuliwa, na akaendelea kukaa.

Kibandani palikuwa na kipande cha mpingo ambacho Nampanda alikuwa amekiweka kando siku nyingi, kizito, hakina ufa. Alikitoa. Safari hii hakuwa anamchongea mteja, wala Chama. Alitaka amtoe Somoe mle ndani, mmoja, amweke karibu na mkeka wake, asimwonyeshe mtu. Alimfikia upesi. Paji lilikuja, pua ikaja, mdomo wa juu na kile kitundu cha ndona, pambo la mdomo alilolivua zamani, yote yalikuja bila kutafutwa. Alichukua patasi ndogo, akaanza mistari ya shavu la kulia, ikakaa sawa. Akageuza. Shavu la kushoto, mstari ukateremka, patasi ikaruka, ikaacha pengo, ikaendelea.

Akaangalia. Pengo lilikuwa katikati ya shavu, pana, safi. Lilikuwa la kibao.

Alikwangua, akarudia kwenye kipande cha mti laini. Likaja lilelile. Akarudia tena. Alifumba macho, akapeleka kidole hewani, mahali ambapo uso wa Somoe ungekuwa kama angekuwa amelala pale, akakiachia kidole kiende chenyewe kama zamani. Kilikwenda, kikasita, kikazunguka, hakikujua pa kutua. Mkono wake ulikuwa umelichonga pengo la wateja mara nyingi kuliko ulivyowahi kumgusa mkewe. Hofu aliyoipata hapo haikuwa hofu ya kufa, ilikuwa mbaya zaidi.

Alikwenda kwa Binti Nakachi, akamkuta anaanika kisamvu.

"Shemeji, wewe ulimwosha. Niambie kitu kimoja. Lilikuwa karibu na sikio, au chini zaidi?"

Binti Nakachi alielewa mara moja, akajifunika uso kwa mikono yake yenye majani.

"Tunayoyaona kwenye kuosha hatuyasemi. Unajua, shemeji. Niliapa."

"Basi ya zamani. Siku mliyochanjwa, ulikuwa naye."

"Nilikuwa naimba," alisema, na machozi yakamtiririka. "Nilikuwa nacheka naimba. Sikuangalia."

Akarudi nyumbani. Esha alikuwa uani, ameinama anachambua mchele kwenye ungo. Kwa mbali, kwa kuinama hivyo, alikuwa mama yake mtupu. Nampanda aliketi kwenye kibao cha mbuzi cha kukunia nazi, akaona haya kumwuliza mtoto jambo la namna hii, mwishowe akauliza.

"Esha. Lile pengo la mama yako. Unakumbuka lilikuwa wapi hasa?"

Esha aliacha kuchambua. Alimtazama baba yake, alivyozeeka kwa wiki chache, na alitamani sana kumsaidia. Akafikiri kwa bidii. Kisha akanyanyua kidole, akakiweka katikati ya shavu lake la kushoto.

"Hapa, baba," alisema. "Si kama pale kwenye kibao cha njia panda?"

Nampanda alikitazama kile kidole.

"Ndiyo, mwanangu," alisema. "Hapohapo."